Malalamiko: Mandhari imesasishwa, kazi yenu yote imefutika

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUTIKA KWA MAREKEBISHO YA TOVUTI YETU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tovuti ya WordPress mliyotukabidhi ilipoteza kazi yote mliyotulipisha kama "ubinafsishaji wa muonekano" mara tu mandhari yake (theme, yaani mafaili yanayoipa tovuti sura) iliposasishwa. Chini ya kila ukurasa, palipokuwa na Lipa Namba na saa za kufungua duka, sasa pana jina la mtengenezaji wa mandhari na kiungo chake. Kitufe cha WhatsApp hakipo.

Fundi wenu amejibu kwamba sasisho ndilo lililoharibu. Si kweli. WordPress ikisasisha mandhari hufuta folda nzima ya zamani na kuweka mpya, ndivyo ilivyoundwa. Tumefungua nakala rudufu ya kabla ya sasisho na kukuta mabadiliko yenu yameandikwa humo humo ndani ya mafaili ya footer.php (sehemu ya chini ya ukurasa), functions.php (msimbo wa utendaji) na style.css (mitindo ya muonekano) ya mandhari mama, yaani ile ya mtengenezaji. Bidhaa na picha zimesalimika kwa sababu hazikai huko: maelezo yamo kwenye hifadhidata, picha zimo kwenye folda ya wp-content/uploads.

Ametushauri pia tuzime masasisho. Hatuzimi. Masasisho ndiyo yanayoziba matundu ya usalama, na duka linalopokea oda mtandaoni haliwezi kuachwa wazi ili kuficha kazi iliyolipuliwa.

Tunachodai ni mandhari tanzu (child theme), yaani folda ya pembeni inayobeba mabadiliko yetu tu na kurithi mengine kwa mama, ambayo ingepaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Fungueni folda yake ndani ya wp-content/themes, wekeni style.css yenye mstari wa "Template:" unaotaja jina la folda ya mama, herufi kwa herufi. Hiyo footer.php inakiliwe humo, nayo itachukua nafasi ya ile ya mama. Ila functions.php msiinakili nzima nzima: ya tanzu hupakiwa kwanza, kisha ya mama, na shughuli (function) ile ile ikifafanuliwa mara mbili tovuti yote huanguka. Humo ziingie nyongeza zenu tu. Mkishaiwasha mandhari tanzu, wekeni upya nembo, rangi na CSS ya ziada (mitindo iliyoongezwa kupitia dashibodi), kwa kuwa hivyo hutunzwa kwa jina la mandhari na havihami vyenyewe. Mwisho, ongezeni mstari wa DISALLOW_FILE_EDIT kwenye faili la mipangilio, wp-config.php, ili mtu asihariri tena mafaili ya mandhari kupitia dashibodi.

Kuna na jingine. Kwenye mipangilio ya kusoma, kile kisanduku cha kuzizuia injini za utafutaji kimebaki na tiki tangu mlipokuwa mnajenga. Kukitoa ni sekunde 5. Duka limekuwa hewani miezi mitatu likiziomba Google na wenzake zisilionyeshe, huku ankara yenu ikisoma "imesajiliwa Google".

Jaribuni kwanza kwenye nakala ya tovuti, sasisheni mandhari mama hapo, na mtutumie picha ya skrini ya sehemu ya chini ya ukurasa kabla na baada. Tunatarajia kazi hii ndani ya siku 7 bila malipo ya ziada. Ikishindikana, turudishieni fedha ya kipengele hicho cha ankara pamoja na nywila za seva, tumpe fundi mwingine.

Wako katika biashara,
Msimamizi wa tovuti