Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi wa Watoto Viziwi, Tanga

Ndugu wanachama, Assalaam aleykum, na Bwana asifiwe.

Mahesabu ya ada na akiba atayasoma mweka hazina. Vikao vyetu vilifanyika na akidi ilitimia, nawashukuru. Muda uliobaki naomba niuelekeze kwa watoto wetu wanaozimia.

Mwaka huu binti mmoja wa chama alianguka akikimbia ufukweni Raskazone. Midomo ilipauka, mikono ikakakamaa, na kabla watu hawajamaliza kuitana akafumbua macho, akamtambua mama yake, akaashiria apewe maji. Wapo waliosema kifafa, wapo waliosema shetani. Mwenye kifafa mara nyingi huzinduka amechoka, akili haijatulia. Mtoto anayezinduka upesi na fahamu zake zote, hasa akiwa ameanguka akikimbia, akiogelea au akishtuka, apimwe moyo.

Mwaka 1957 madaktari wa Norwe, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, walieleza habari za familia moja yenye watoto viziwi waliokuwa wakizimia. Watatu walifariki ghafla. Chanzo ni kimoja: vijia vya kupitisha potasiamu (madini ya mwilini) vyenye hitilafu katika sikio la ndani ndivyo hivyo hivyo vilivyomo moyoni, na kwa hiyo moyo huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Mtoto hurithi kwa baba na mama wote wawili, nao husikia vizuri kabisa. Viziwi wenye tatizo hili ni wachache mno, lakini kwa huyo mmoja kuchelewa kupimwa kunaweza kuwa msiba.

Kipimo ni ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Mtoto analala, anabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na baada ya dakika chache karatasi inatoka. Haumii. Mwombeni daktari asome sehemu iitwayo QT, yaani muda ambao moyo unatumia kupiga na kujiandaa tena. Ikivuka milisekunde 480 akishaisahihisha kwa kasi ya mapigo, na ikirudia hivyo, ni jambo zito. Wazazi na ndugu zake nao wapimwe.

Dawa ipo, propranolol kwa mfano, na hainywewi kwa kurukaruka. Kwenye duka la dawa semeni hali ya mtoto kabla ya kununua chochote: erithromaisini, kwinini na flukonazoli zinaweza kumdhuru.

Akianguka asipumue, kandamizeni kifua katikati kwa nguvu na haraka, mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali ya Bombo.

Kwa mwaka ujao napendekeza kila mtoto wetu apimwe ECG kabla ya michezo ya shule. Ambaye wake amewahi kuzimia, hata mara moja, ampe katibu jina leo kabla hatujatawanyika.

Mwenyekiti