Risala ya Wanakikundi wa Usonara kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Kazi za Mikono

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walimu wetu wapendwa,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha, na tunakushukuru kwa kukubali kuacha shughuli zako ili uje kutuona. Pete, bangili na vishaufu vilivyo mezani mbele yako vyote vilikuwa vijiko na uma za fedha zilizosahauliwa kabatini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tulipoanza tulidhani kazi hii ni kupinda tu. Kumbe inaanza na kusoma. Nyuma ya mpini wa kijiko kuna mihuri midogo, mingine haionekani bila kioo cha kukuzia. Namba 925 maana yake ni kwamba katika sehemu 1,000 za metali hiyo, 925 ni fedha. Zinazobaki kwa kawaida ni shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno. Vijiko vya Uingereza huwa na simba anayetembea. Vya Ujerumani mara nyingi vina namba 800, pamoja na mwezi mwandamo na taji.

Zilizotutesa ni herufi EPNS. Hizo hukuambia kwamba fedha ni utando mwembamba tu, uliopakwa kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Mwenzetu mmoja alileta sumaku akiamini amemaliza ubishi. Ni kweli sumaku haivuti fedha, lakini hata mchanganyiko huo haiuvuti, kwa hiyo ubishi ukarudi palepale. Kijiko cha namna hiyo hung'aa vizuri, ila utando ukilika, nikeli hugusa ngozi, na wapo watu ambao huwatoa upele. Kwa sababu hiyo hatukitengenezei pete. Tunakifanya ndoano ya kutundikia nguo.

Pete nazo zilitufundisha hesabu. Za mwanzo zote zilitoka ndogo, kwa sababu tulisahau unene wa mpini. Sasa tunajua: pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 18, kwa mpini wa unene wa milimita 2, tunajumlisha kupata 20, tunazidisha kwa 3.14, na tunakata karibu milimita 63. Baada ya msumeno ni tupa na msasa, kisha tunaipinda kwenye fimbo ya chuma kwa nyundo ya mbao. Nyundo ya chuma huponda nakshi, na nakshi ndiyo iliyotufanya tukipende kijiko hicho.

Fedha ikigongwa sana huwa ngumu, hatimaye hupasuka. Dawa yake ni kuipasha moto hadi nyuzi 600 au 650 za Selsiasi, ndipo ilainike tena. Tunazima taa na kungoja wekundu hafifu. Ukichelewa kuondoa moto, kijiko kinakuwa tone.

Visu hatuvipashi moto kabisa. Mipini ya visu vingi vya fedha ina uwazi ndani uliojazwa utomvu au kitu kama saruji, na ikipata joto inaweza kulipuka. Mmoja wetu alilijua hilo kwa kishindo. Namshukuru Mungu alikuwa amevaa miwani.

Weusi wa fedha, unaotokana na salfa iliyo hewani, tunautoa kwa maji ya moto, magadi ya kuokea na karatasi ya alumini. Ule uliojificha kwenye mifereji ya nakshi tunauacha, maana bila huo ua halionekani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hatukosi shida. Tuna jiliwa moja, yaani kifaa cha kubana kazi isicheze, na foleni yake ni ndefu kuliko kazi yenyewe. Miwani ya kinga haitoshi, na tochi yetu ya gesi huzimika inapojisikia. Tunaomba utusaidie kupata vifaa hivyo vitatu, tukianza na miwani.

Kwa wazazi tuna ombi jingine. Mkituletea vijiko, tuambieni kwanza kama ni vya bibi. Tumeshawahi kukata kimoja ambacho mwenyewe alikuwa bado anakitafuta, na kijiko kilichokatwa hakirudi.

Mwisho, tunaomba utupe kidole chako tukipime kabla hujaondoka. Kijiko tumeshakichagua, na kina muhuri wa 925.

Tunaomba kuwasilisha.