Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Raga ya Western Province

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, nawasalimu nyote.

Chama hiki kilianza na watu waliokuwa wakitafutana kila Desemba, Shujaa, timu ya taifa ya Kenya, walipokuwa wakija hapa Cape Town kucheza raga ya wachezaji saba. Wakenya, Watanzania, Warundi, Wakongo wa Lubumbashi na Bukavu: kilichotukutanisha kwanza ni Kiswahili, raga ikafuata. Lakini Desemba ni wikendi moja tu. Kwenye mkutano uliopita mliiagiza kamati ituwezeshe kuifahamu raga ya mji tunaoishi, na mmoja wenu akasema tusiwe wageni miaka yote. Sehemu kubwa ya taarifa hii ni majibu ya agizo hilo.

Chama cha Raga cha Western Province, kinachosimamia raga ya Cape Town na viunga vyake, kiliundwa mwaka 1883, na ndicho kikongwe kuliko vyote Afrika Kusini. Jezi yake ya mistari ya buluu na nyeupe, ambayo wenyeji huiita Streeptrui, imebeba Kombe la Currie, mashindano ya majimbo ya Afrika Kusini, mara 34, ukijumlisha na miaka waliyogawana na mpinzani. Walilichukua mashindano yalipoanza mwaka 1892. Kati ya 1982 na 1986 walilichukua miaka mitano mfululizo. Mwaka 2017 waliwafuata Sharks kwao Durban wakawafunga 33-21. Klabu zenyewe zina umri mkubwa kuliko chama: Hamilton ni ya 1875, Villagers ya 1876. Na kabla ya hizo, mwaka 1861, mkuu wa shule ya Diocesan College, Kanoni George Ogilvie, alikuwa amekwisha kuwafundisha wavulana wake mchezo aliotoka nao Uingereza, ambao haukuwa raga kamili bado. Mwaka uliofuata wanajeshi na raia wakaucheza hadharani kule Green Point. Sheria za raga zilikuja kushika mizizi miaka ya 1870 ikielekea mwisho.

Hayo utayasikia kwa kila mtu. Yale ambayo kamati iliyakuta baadaye ndiyo yaliyonikosesha usingizi, na naomba mnivumilie nikae hapo kidogo.

Mwaka 1886, miaka mitatu tu baada ya chama cha wazungu, klabu nne zilikaa zikaunda chama chao, kwa kuwa mlango wa kile cha kwanza ulikuwa umefungwa. Klabu hizo ni Roslyns, Good Hopes, Violets na Arabian College. Wachezaji wake wengi walikuwa Waislamu wa mjini, watu ambao serikali iliwabandika jina la "Coloured". Walichezea Green Point, eneo lile lile. Mwaka 1898 kukawa na Kombe la Rhodes kwa timu za majimbo za watu waliobaguliwa, na Western Province yao ndiyo iliyolitwaa. Mwaka huo huo likaanzishwa shirikisho la City and Suburban, ambalo nalo liliwafungia Waislamu nje. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu aliyebaguliwa naye alijifunza kubagua, na historia ikikatwa kipande hicho haitakuwa historia.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia Cape Town ilikuwa na Western Province mbili. Moja ilikuwa na Newlands, uwanja uliofunguliwa kwa mechi mwaka 1890, Stellenbosch dhidi ya Villagers. Nyingine ilikuwa na viwanja vya vumbi na mashabiki waliofurika. Tarehe 11 Februari 1966 District Six, mtaa wa katikati ya Cape Town, ilitangazwa kuwa eneo la wazungu pekee. Zaidi ya watu 60,000 wakahamishwa na kutawanywa Cape Flats, tambarare za pembezoni mwa mji, na klabu za mtaa zikahama na watu wake. Mzee mmoja tuliyemkaribisha kwenye kikao cha Juni alitusimulia kwamba Jumamosi walikuwa wakivuka mji mzima kwa basi ili wavae jezi ya mtaa ambao haupo tena. Alisema pia kwamba walipoingia Newlands walikalishwa pembeni, na wakaishangilia timu ngeni, yoyote ile. Ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja wa kwetu, aliyekimbia vita Kivu, aliinuka akamshika mkono.

Vyama viliungana mwaka 1992. Miaka mitatu baadaye Kombe la Dunia lilifunguliwa Newlands, Afrika Kusini ikaifunga Australia 27-18, na mwana wa Paarl, Chester Williams wa Western Province, akawa mchezaji pekee mweusi wa kikosi kile. Alifariki 2019 akiwa na miaka 49. Mwaka huo huo Siya Kolisi, aliyelelewa kiraga na jezi hii hii ingawa kwao ni Zwide, kule Port Elizabeth, alinyanyua Kombe la Dunia akiwa nahodha.

Newlands yenyewe iliagwa bila shabiki hata mmoja. Ilikuwa Januari 2021, wakati wa korona, nusu fainali ya Kombe la Currie, Sharks wakashinda 19-9. Sasa timu iko Cape Town Stadium. Nani anakumbuka uwanja huo uko wapi? Green Point. Stormers, timu ya kulipwa ya Western Province, walipowafunga Bulls wa Pretoria 18-13 Juni 2022 na kuwa mabingwa wa United Rugby Championship, ligi ya timu za Ulaya na Afrika Kusini, walishangilia mahali ambapo raia na wanajeshi walianzia, na ambapo akina Roslyns walitoka jasho.

Mwaka huu tulikwenda uwanjani kwa pamoja mara kadhaa. Safari moja basi tulilokodi halikutokea, na watoto wakakosa kipindi cha kwanza. Kamati inaomba radhi, na tangu hapo tunatumia treni. Mechi za Varsity Cup, mashindano ya vyuo vikuu, za Maties wa Stellenbosch na Ikeys wa Chuo Kikuu cha Cape Town ziliwapendeza vijana kuliko nilivyotarajia. Timu ya wanawake ya Western Province hatujaenda kuitazama hata mara moja, na katika hilo nasema wazi tumekosea.

Sasa pendekezo langu. Tumekuwa tukitumia karibu fedha zetu zote za safari kununua tiketi za Stormers. Nawapenda Stormers, mnanijua. Lakini raga ya jimbo hili inaishi kwenye klabu, Jumamosi mchana, ambako mtu husimama kando ya mstari akasikia skramu, wachezaji wa pande mbili wanaosukumana, ikigongana. Naomba mkutano uidhinishe nusu ya fedha hizo iende kwenye mechi za klabu za Cape Flats na kuwalipia watoto wetu ada na viatu vya mazoezi huko. Klabu mbili zimekwisha kusema watoto wetu wanakaribishwa. Mtoto wa Kiswahili akivaa jezi ya klabu ya hapa, hatutahitaji tena kuulizwa sisi ni mashabiki wa nani.

Mhazini atasoma hesabu, kisha tutapiga kura juu ya pendekezo hili kwa kunyoosha mikono.