Kaka ananiita mpuliza bomba

Shikamoo shangazi,

Ni saa kumi alfajiri na sijapata usingizi. Mwenzangu wa chumbani anakoroma, mimi naandika kwa simu chini ya blanketi, kwa hiyo nisamehe kama maneno yatarukaruka.

Naomba usinihukumu kabla hujafika mwisho, maana najua mnavyotujibu sisi tulio nje: mmefika Marekani, sasa mnachezea bahati. Mimi sichezei kitu. Nipo mwaka wa pili, uhandisi wa ujenzi. Sijafeli somo hata moja, pombe sinywi, na likizo nikirudi nyumbani naingia kiwanda cha nyama kuosha mashine usiku kama watu wengine. Kwa hiyo kaka aliposema vile, tena siku tuliyombariki mtoto wake, nyumba imejaa wageni, sijui alikuwa anamsema nani. "Mimi nakata nyama ili wewe upulize bomba?" Watu wakacheka. Mchungaji naye akacheka.

Ni tromboni, shangazi, ala ya muziki ya kupuliza. Niliazimwa na shule ya sekondari pale Fort Morgan mwaka ule tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiwa sina Kiingereza cha kuomba hata maji, na mwalimu wa bendi hakukihitaji. Alinionyesha kwa vidole tu zile sehemu saba za kusimamisha mrija unapouvuta, jioni nikaenda nayo nyumbani. Mama alichogombeza ni maji. Ina kitundu huko chini, ukikibonyeza yanatoka maji ya pumzi, na mimi nilikuwa nayamwaga kwenye zulia. Akanitafutia sufuria kuukuu. Kaka wakati huo hakusema neno. Alikuwa anarudi shifti ya pili saa nane usiku, ananikuta nimesinzia nayo pembeni, ananifunika. Ndiyo maana lile neno limeniuma. Lingetoka kwa mtu mwingine lingepita.

Na mji wenyewe ndio ule aliosoma Glenn Miller, unamjua, yule wa bendi za swing, jazi ya kuchezea dansi, aliyewachezesha Wamarekani miaka ya vita. Alimaliza sekondari pale 1921. Hata sherehe ya kumaliza hakuhudhuria, alikuwa amekwenda Wyoming kutafuta kazi ya muziki, mama yake ndiye aliyempokelea cheti. Na tromboni yake ya kwanza, utotoni huko Missouri, aliipata kwa hela ya kukamua ng'ombe. Nilimwambia kaka: yeye alikamua, sisi tunakata, tofauti iko wapi? Nilidhani atacheka. Aliendelea kula.

Halafu 1923 Miller akaingia chuo hiki hiki nilichopo, hapa Boulder. Usiku madansi, asubuhi usingizi, muhula mmoja akaangusha masomo matatu kati ya matano, akaacha. Leo ukumbi wa dansi kwenye jengo la wanafunzi unaitwa kwa jina lake, na chuo ndicho kinachotunza hifadhi ya kumbukumbu zake. Napita pale nikienda kula. Aliyefeli kapewa ukumbi, mimi ninayefaulu naitwa mpuliza bomba.

Najua utasema yeye ni yeye na mimi ni mimi. Wote wanasema hivyo. Profesa anayetufundisha bendi aliposikia nataka kuacha chuo nikapige muziki aliniuliza mbona namwangalia Miller peke yake, mbona simwangalii Jimmie Lunceford, mtu mweusi aliyekulia hapo Denver. Lunceford alimaliza chuo kikuu cha Fisk 1926, akaenda Memphis kufundisha sekondari, na bendi yake aliianzisha na wanafunzi wake mwenyewe. Mwaka 1934 wakawa wanapiga Cotton Club, klabu maarufu ya muziki ya New York. Nimesikiliza santuri zake na nakubali, saksafoni zake zinatembea pamoja kuliko za Miller, na wanamuziki wake walikuwa wanacheza hata na vyombo mkononi. Sawa. Lakini naye alifariki 1947 akiwa na miaka 45, huko Oregon, yuko safarini na bendi, anawasainia watu kwenye duka la santuri. Miller hakuwa na digrii, akapotea na ndege akiwa na miaka 40, tarehe 15 Desemba 1944, akitoka Uingereza kwenda Ufaransa, na ndege yenyewe haijapatikana mpaka leo. Sasa digrii ilibadilisha nini? Fletcher Henderson, mwanamuziki mwingine wa zama zile, ndiye kabisa, alikuwa na digrii ya kemia, akaenda New York kwa ajili ya kemia, lakini mwaka 1920 nani angemfungulia mtu mweusi mlango wa maabara? Akaishia kwenye piano, na baadaye Benny Goodman, Mzungu mwenye bendi yake, akapata jina kubwa kwa muziki alioupanga Henderson. Kaka hataki kuyasikia haya. Anasema nasoma marehemu badala ya kusoma zege.

Kuna kitu kimoja cha Miller ambacho kaka sijamwambia. Baada ya kuacha chuo, akiwa tayari anajulikana New York kama mpigaji, alikwenda kusoma tena. Alimlipa mwalimu mmoja, Joseph Schillinger, aliyekuwa anafundisha kutunga muziki kwa hesabu, na ule wimbo wake wa utambulisho, Moonlight Serenade, ulianza kama zoezi la huyo mwalimu. Nikimwambia kaka atasema unaona. Na mimi hesabu naipenda, shangazi, hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kukokotoa mzigo wa boriti kunanituliza. Sichukii masomo. Ninachochukia ni kusoma huku kila nikikaa kitini nalisikia lile neno.

Kazi yenyewe imekuja hivi. Kuna bendi inayopiga nyimbo za zama zile kwenye nyumba za wazee, harusi, na shughuli za wanajeshi wastaafu, Colorado, Nebraska hadi Kansas. Mpiga tromboni wao mmoja anastaafu, wananitaka kuanzia Agosti. Malipo si makubwa, nimeshapiga hesabu ya mafuta na chakula, yanayobaki hayafiki hata mshahara wa kuosha mashine. Sikudanganyi. Wala sitaki kuwa Glenn Miller, watu wasinisingizie. Bendi yake ya kwanza, ile ya 1937, ilivunjika haraka, ikabidi aanze upya 1938, na alikuwa Mmarekani mwenye kwao. Mimi nataka kukaa kwenye kiti cha pili cha tromboni, nifike mahali clarineti inapopanda juu ya saksafoni, na mimi niko chini yake nashikilia sauti yangu. Basi. Ukishawahi kukaa pale hutauliza kwa nini. Watu wa kwetu wanadhani muziki ni kusimama mbele.

Halafu kuna jambo dogo. Ruzuku inalipa sehemu kubwa ya ada, pengo linalobaki analiziba kaka. Mwaka huu zamu yake ya likelemba, yaani upatu, ilifika, akanitumia yote. Mke wake alitaka wabadilishe gari, yeye akatuma huku. Hela iko kwenye akaunti yangu. Sijalipa chuo, na sijamrudishia. Nikilipa, kiti kimekwenda, watatafuta mtu mwingine. Nikirudisha, ataona nimedharau kisu chake. Mikono yake asubuhi haikunjuki, vidole vinabaki vimejikunja nusu kama bado vimeshika mpini, anailoweka kwenye maji ya moto na chumvi ndipo afunge vifungo vya shati. Kule kambini ndiye aliyeacha shule akafyatue matofali ili mimi nibaki darasani. Haya yote nayajua, hakuna haja ya mtu kunikumbusha, hasa mbele ya mchungaji. Je, mtu akikaa chuoni kwa sababu ya mikono ya kaka yake, huko ni kusoma? Na hela ya namna hiyo inakuwa ya nani, yangu au yake?

Profesa anasema chuo kinaruhusu kuomba ruhusa ya mwaka mmoja na kurudi. Sijajaza ile fomu. Nikiijaza kaka ataiita kuacha, na labda itakuwa kuacha. Kuna siku natamani aniambie mwenyewe, "Basi, nenda kapige." Halafu nikifikiria akinitamkia hivyo naona nitalia, kwa sababu itakuwa amekata tamaa na mimi.

Mama nimemuuliza. Amesema atakalosema kaka yako.

Naomba usinijibu kwamba niende nikakae naye chini tuongee kiutu uzima. Tumeshakaa. Aliniuliza wahandisi wa madaraja wanalipwa ngapi hapa Colorado, nikamwambia, akanyamaza, akaniuliza wapiga tromboni je. Kuomba nako naomba, usinitume kwenye maombi. Niambie kuhusu hiyo hela tu: nilipe au nirudishe. Hayo mengine nitayajua mwenyewe.

Jumamosi anakuja na mama kunitembelea na amesema anataka kuona risiti ya chuo. Kama jibu lako litachelewa kuchapishwa, nitumie kwa barua pepe hii hii, hata mistari miwili. Jina langu usiliweke. Na jina la mji wetu nalo uliondoe, tuko Wakongo wachache pale na shemeji yangu hakosi safu yako.

Mimi, wa Colorado