Barua kwa Rehema aliye Minneapolis

Glasgow
Jumapili, 1 Februari 2026

Rehema mwenzangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako imefika, nimeisoma na kuirudia usiku wenzangu wamelala. Unasema tangu Desemba, maafisa wa uhamiaji walipomiminwa mjini kwenu, kuna akina mama wa Kikongo hapo jengoni ambao hawashuki hata kutupa taka, na watoto wao wanapelekwa shule na watu wengine au hawaendi kabisa. Kisha unaniuliza: filimbi mnazopuliza kuonyana maafisa wakija ni kitu gani mbele ya mtu mwenye bunduki na barakoa? Baada ya Renee Good kuuawa kwa risasi na maafisa hao tarehe 7 Januari, na Alex Pretti tarehe 24, wote wawili raia wa Marekani, siwezi kukujibu kwa maneno ya kukutuliza. Nitakueleza yaliyotokea mji huu, maana umeniambia watu huko wanautaja, halafu nikwambie ninavyoona wewe ufanye nini na usifanye nini.

Wanaoutaja wanakumbuka Kenmure Street, tarehe 13 Mei 2021. Ilikuwa sikukuu ya Idd. Asubuhi gari la uhamiaji liliingia Pollokshields, upande wa kusini wa mji, mtaa ambao huwezi kupita bila kusikia Kiurdu na Kipunjabi. Wakatiwa ndani wanaume wawili, Wahindi, waliokuwa wameishi Uingereza miaka kama kumi. Kabla gari halijaondoka, mtu mmoja alijiingiza chini yake akalala pale, na akakaa humo muda wa karibu saa nane. Watu wakatumiana ujumbe. Walikuja wachache, wakaja makumi, ikafika mamia, wamekaa barabarani mbele na nyuma ya gari. Nilifika mchana nikakuta vyakula na maji vinateremshwa kutoka majumbani na kupitishwa mkono kwa mkono. Umati ulikuwa ukiimba neno moja tu: hawa ni majirani zetu, waachieni. Jioni polisi walitangaza kwamba wale wawili wanaachiwa, kwa ajili ya usalama na afya ya umma, wakasindikizwa kwa miguu hadi msikitini. Nililia, Rehema, na sikuwa peke yangu.

Zingatia jambo moja hapo. Waziri Kiongozi wa Scotland wakati huo, Nicola Sturgeon, alikuwa ndiye mbunge wa eneo lile, na aliulaani msako ule hadharani. Lakini uhamiaji uko mikononi mwa London, serikali ya Scotland iliyoko Edinburgh haina amri juu yake. Hakuna kiongozi aliyeweza kupiga simu moja mambo yakaisha. Polisi wa Scotland ndio waliotazama barabara ile wakaona kwamba gari halitoki bila kuumiza watu, na mwanasheria Aamer Anwar akawa anazungumza nao na wale waliokuwa ndani. Uamuzi ulitoka barabarani.

Sasa wengi wakisimulia habari hii huanzia hapo na kuishia hapo, kama kwamba watu wa Glasgow wameumbwa na moyo tofauti. Hilo linanikera, kwa sababu linamfanya mtu wa mji mwingine ajione hana la kufanya. Ukweli ni mchungu zaidi. Sheria ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanza kuwatawanya waombaji hifadhi nje ya London, na kuanzia mwaka 2000 walipelekwa kwenye maghorofa marefu ya Glasgow, nyumba ambazo wenyeji walikuwa wamezikimbia. Hakuna aliyewaandaa wenyeji wala wageni. Agosti 2001 kijana wa Kikurdi, Firsat Dag, alichomwa kisu akafa mtaa wa Sighthill, humu mjini. Alikuwa na miaka 22. Hapo ndipo mji huu ulipoanzia, kwenye damu ya mgeni. Baada ya kifo hicho wageni na wenyeji waliandamana, na baadhi ya wenyeji waliokuwa wakinung'unika juu ya wageni wakaanza kugonga milango yao na kuuliza majina.

Wanaonigusa kuliko wote ni akina bibi wa Kingsway. Ni maghorofa ya upande wa magharibi, na mwaka 2005 na 2006 maafisa walikuwa wakiyavamia alfajiri: mlango unavunjwa, wazazi wanafungwa pingu, watoto wanatolewa na nguo za kulalia. Wanawake wa Kiskoti, Jean Donnachie akiwa mmoja wao, wenyeji waliozeekea hapo, wakaamua kwamba hawatalala tena mpaka saa za uvamizi zimepita. Waliamka kungali giza, wakasimama madirishani ghorofa za juu wakitazama maegesho. Gari la uhamiaji likionekana, simu zinapigwa, na familia zinazotafutwa zinashuka ngazi za upande wa pili au zinaingia kwa jirani. Maafisa wanapanda, wanakuta vitanda bado vina joto na nyumba haina mtu.

Fikiria inavyohitajika ili hilo lifanikiwe. Bibi lazima ajue nani anaishi mlango upi, na yupi kati yao ana barua ya kukataliwa. Mama wa Kialjeria au wa Kikongo lazima amwamini mwanamke asiyejua lugha yake kiasi cha kumfungulia saa kumi na moja alfajiri akisikia anagonga. Imani ya namna hiyo haipatikani siku ya msako. Ilitokana na madarasa ya Kiingereza, na watoto kucheza pamoja, na vikombe vya chai visivyo na idadi. Kenmure Street ilikuja miaka mingi baadaye, lakini ilipandwa kule.

Mwaka huohuo wa 2005, msichana wa miaka 15, Agnesa Murselaj, mkimbizi kutoka Kosovo, alichukuliwa alfajiri na familia yake wakapelekwa kituo cha kuzuilia wahamiaji kule England, nje ya Scotland. Wenzake wa shule ya Drumchapel walikataa. Walikuwa wasichana saba pamoja na Agnesa mwenyewe, wengine Waskoti, wengine wakimbizi: Amal Azzudin alitoka Somalia, Roza Salih ni Mkurdi wa Iraq. Wakakusanya saini, wakaenda Bungeni, wakamkabili Waziri Kiongozi wa wakati huo, Jack McConnell, uso kwa uso, na mwalimu wao, Euan Girvan, hakuwazuia. Agnesa alirudishwa Glasgow. Roza Salih alichaguliwa diwani wa mji huu mwaka 2022. Mwambie binti yako habari hii kabla hujamwambia ile ya barabarani. Yuko kwenye umri wao.

Na kuna jambo dogo ambalo halina picha wala wimbo, nami ndilo ninalotaka uliige kwanza. Waombaji hifadhi hapa hutakiwa kuripoti ofisi ya uhamiaji mara kwa mara, na mtu anaweza kuingia kutia saini asitoke. Hatua chache kutoka ofisi hiyo, watu wa kujitolea walifungua kituo kinachoitwa Unity mwaka 2006. Kabla ya kuingia kuripoti, mtu alipita hapo akaandikisha jina. Akitoka, alipita tena kusema ametoka. Asiporudi, wao walijua amekamatwa, na simu ya mwanasheria ilipigwa saa ileile badala ya siku tatu baadaye. Daftari na kalamu, basi. Mtu anapopotea mikononi mwa serikali, saa za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa sababu baada ya hapo anaweza kuwa amehamishiwa mbali na mwanasheria wake na watoto wake.

Kwenu daftari hilo lina umuhimu zaidi, maana mtu akikamatwa Minnesota anaweza kujikuta Texas. Kila familia hapo jengoni iandike ile namba yao ya uhamiaji inayoanza na herufi A, pamoja na nchi ya kuzaliwa, kama ilivyo kwenye makaratasi yao. Hivyo viwili ndivyo vinavyotumika kumtafuta mtu kwenye mfumo wa mahabusu. Nakala ikae kwa mtu wanayemwamini aliye nje ya nyumba. Waandike pia nani atawachukua watoto shuleni wazazi wasiporudi, na karatasi ya kumkabidhi mtu huyo malezi waitengeneze sasa, wakiwa wametulia, kwa msaada wa mwanasheria.

Kuhusu mlango, nafikiri umekwisha sikia: hati nyingi wanazobeba zimetiwa saini na afisa wao wenyewe, siyo hakimu, na hiyo peke yake si ruhusa ya kuingia nyumbani mwa mtu asiyekubali. Waipitishe chini ya mlango, itafutwe saini ya hakimu na jina la mahakama. Najua utaniambia kwamba Januari hii mlango ulivunjwa hapo Minneapolis bila hati ya hakimu. Ndiyo, na hakimu wa shirikisho aliamua kwamba Katiba ilikiukwa. Aliweza kuamua kwa sababu kesi ililetwa mbele yake, na ililetwa kwa sababu kulikuwa na watu walioona na wakasema.

Ndipo narudi kwenye filimbi yako. Haizuii risasi, wala sitakudanganya. Polisi waliosimama Kenmure Street hawakuwa na bunduki mikononi, na hiyo ni tofauti kubwa ambayo watu wa huku wakiwapa ninyi ushauri huisahau. Lakini filimbi inamwambia asiye na makaratasi abaki ndani, na inamwita mwenye uraia atoke na simu yake. Watu wa Chicago waliitumia hivyo tangu msimu wa vuli uliopita. Na kuhusu Renee Good na Alex Pretti, jiulize tungekuwa tunajua nini leo kama wapita njia wasingerekodi. Tungebaki na maelezo ya serikali peke yake, na video zile zimeyapinga.

Sasa wewe mwenyewe. Una grinikadi, huna uraia. Usiende mbele. Nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Ukikamatwa kwenye vurugu, hata kama hukufanya kosa, unaweza kuingia kwenye kesi ambayo jirani yako Mmarekani hatawahi kuikabili. Wanaopaswa kusimama karibu na magari yale ni wale ambao hawawezi kufukuzwa nchini, na wengi wao wako tayari, nimewaona kwenye picha wamesimama kwenye baridi ile yenu. Waachie kazi hiyo. Kuna watu wataona ni woga. Mimi naona ni kugawana kazi kwa akili, kama bibi wa Kingsway aliyekaa dirishani ili mama wa Kikongo asihitaji kukaa.

Kazi uliyo nayo wewe hawana wao: una Kiswahili. Huku nimekuwa nikiwasomea barua familia za Goma na Bukavu. Nilimkuta mzee mmoja ameweka bahasha za serikali kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango, nyingi hazijafunguliwa, kwa kuwa kila aliyojaribu kuifungua ilimtia hofu na hakuielewa. Ndani yake mlikuwa na tarehe ya kusikilizwa kesi yake, na ilikuwa imekaribia mno. Tulimpata mwanasheria kwa shida, lakini tulimpata. Hakuna umati ambao ungemsaidia mzee yule kama hakuna mtu wa kukaa naye kwenye kochi na kumsomea karatasi moja moja. Kwenu mahakama ya uhamiaji haimpi mtu mwanasheria wa kulipiwa na serikali, kwa hiyo asiyesoma barua yake na asiye na fedha yuko peke yake kabisa. Kaeni naye. Msindikizeni mahakamani pia, wale wanaoweza kwenda kwa usalama. Mtu anayesindikizwa na majirani wake hukumbuka kusema alichokusudia kusema.

Jihadhari na grupu la WhatsApp. Wekeni moja la tahadhari tu, lenye watu wachache wanaohakikisha habari kabla ya kuisambaza: mahali, saa, magari mangapi, nani ameona kwa macho yake. Uvumi uliotumwa na mtu mwema unaweza kuwafungia watu ndani siku nzima, wakakosa kazi na dawa. Na msiandike humo majina wala anwani za wasio na makaratasi.

Umesema unaogopa Ramadhani itakuwaje, watu wasipoweza kwenda msikitini. Imebaki wiki mbili na kitu. Pendekeza kwa akina mama wenye uraia wapeleke futari milangoni, kila ghorofa na mtu wake, kila jioni mtu yuleyule ili sauti yake izoeleke. Anza na wale ambao hawashuki. Jumapili ijayo nikikupigia, uwe na karatasi yenye ghorofa zote na jina la mtu atakayebeba futari kila moja, tuipitie pamoja. Zile ambazo hazina mtu, niambie, maana nina binamu St. Paul, mji jirani na wenu, mwenye gari na uraia, na nimekwisha mwambia.

Mwenzako,
Saida