Alama za vikosi vyetu vya Oklahoma State

Ndugu wanakikundi, salaam.

Nimemaliza kutoa alama kwa vikosi vyetu vya nyota wa nyakati zote wa futiboli ya Kimarekani wa chuo kikuu cha Oklahoma State, tulivyovichagua kwa zamu, raundi kwa raundi. Kikosi cha kwanza kimepata A, kwa kuwa kilimchukua Barry Sanders, ambaye mwaka 1988 alikimbia yadi 2,628 katika michezo 11 na kutwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo vikuu, baada ya kukaa misimu miwili akiwa mchezaji wa akiba nyuma ya mkimbiaji mwenzake, Thurman Thomas. Thomas huyohuyo, jambo lililonisikitisha sana, aliachwa hadi raundi ya nne. Kikosi cha tatu kilichomwokota kimepanda hadi B+ kwa uamuzi huo mmoja. Kikosi cha pili kina Justin Blackmon, mshindi wa tuzo ya Biletnikoff (ya mpokeaji pasi bora wa vyuo vikuu) 2010 na 2011, ila safu yake ya mbele ni dhaifu, hivyo kimepata B.

Mwenye rufaa aniandikie kabla ya Ijumaa.