Shukrani kwa dada wa Mwanjelwa

Dada uliyenikuta Mwanjelwa, Mbeya, nikihangaika na mchoro wa maua ya pareto wa kuchapisha kwenye kitambaa cha mavazi ya maigizo ya watoto wetu, Mungu akubariki sana. Uliniambia pamba haishiki vizuri rangi ya kuchapwa kwa joto, nitafute poliesta nyeupe. Kisha ukashika simu yangu, ukaugawa mchoro katikati, ukahamisha nusu hii kule na ile huku mpaka ua likaungana na jingine bila mstari kuonekana pale mchoro unaporudiwa kitambaani. Hapo ndipo nilipoelewa! Ukasisitiza nichapishe kipande kidogo kwanza, maana rangi ya kwenye skrini siyo ya kitambaani. Kweli, njano ilitoka imefifia, nikaikoleza. Magauni yamependeza mno. Na hukutaka hata hela ya soda. Asante sana, dada yangu.